Kama Si Mdudu, Ni Mtu

Majibu yalikuja yakasema mdudu hayupo, na balaa likaanzia hapohapo, maana mama alikuwa ameshajiandaa kabisa kuwa na mdudu.

Alikuwa kwenye cherehani yake pale sebuleni, sare za shule zimerundikana miguuni, mguu umetulia juu ya pedali. Alimsikiliza binti yake mpaka mwisho. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa tena.

"Soma tena hapo."

"Hayupo, mama. Hajaonekana."

"Daktari alisema tumbo la namna hii mara nyingi ni mdudu."

"Mara nyingi, ndiyo."

"Na kwangu hayupo."

"Hayupo."

"Basi," mama akasema, akianza kukanyaga pedali polepole, "kama si mdudu, ni mtu."

Sasa hilo neno mdudu lilikuwa na historia yake katika nyumba ile. Kila kisichoonekana kwa macho kilikuwa mdudu: bakteria mdudu, kirusi mdudu, hata ukungu wa kwenye mkate ulikuwa mdudu. Binti alijaribu kueleza kwamba bakteria hana miguu wala mabawa, wala huwezi kumpiga kwa ndala. Akachoka. Yeye alikuwa kitinda mimba, mwaka wa mwisho chuo cha maabara, na kipindi hicho alikuwa kwenye mafunzo ya vitendo katika maabara ya hospitali. Nyumbani walimbandika jina la Darubini. Aliwaambia ya kuonea wadudu inaitwa hadubini, darubini ni ya kuonea mbali, wakamwambia wewe si ndiyo unaona mbali, tulia. Akatulia.

Lakini ubaya wa neno mdudu ni huu: mdudu anaweza kuingia mwenyewe, na anaweza kuwekwa. Na kama hayupo kabisa, akili ya mtu inabaki na lile neno la pili tu. Kuwekwa.

Shangazi alikuwepo. Shangazi alikuwa na kipaji cha kuwepo. Kaka yake, baba wa nyumba ile, alikuwa marehemu wa miaka mingi, lakini yeye hakuacha kuja, na alipokuja alikaa kiti kilekile kinachoangalia mlango wa jikoni.

"Wifi yangu," akamwambia mama, "mimi sisemi kitu. Nimekuja kukuangalia hali tu. Lakini hebu niambie, hili tumbo lilianza lini?"

"Mwaka jana."

"Na mwanao alioa lini?"

Cherehani ikasimama.

"Mimi sisemi kitu," shangazi akarudia. "Ila na mimi ni wifi wa mtu. Wifi anajua wifi mwenzake anaweza nini."

Nyumbani waliishi wanne. Mama, Darubini, kaka mkubwa ambaye kila mtu mtaani alimwita Fundi kwa sababu ya karakana yake ya kuchomelea mageti, na mke wa Fundi, ambaye alikuwa msusi, na jina lake likawa hilohilo, Msusi. Aliyepika ni Msusi. Aliamka kabla ya wote, akakoroga uji wa mama, akapika cha mchana kabisa, ndipo akaenda saluni kusuka vichwa vya watu.

"Nilikuwa nimenyamaza," mama akasema, sauti imeshuka. "Uji wangu wa asubuhi una punje. Ndogo, ngumu, zinateleza chini ya ulimi. Unga nachekecha mwenyewe. Punje zinatoka wapi?"

Shangazi alifumba macho tu, kama mtu anayeombea maiti.

Kabla ya jua kuzama alikuwa ameshapita karakana, akamkuta Fundi na miwani yake ya kuchomelea, akamwambia Jumapili kuna kikao. Huyo binti wa watu arudishwe kwao mapema, kabla hatujachimba kaburi.

Na Darubini je? Darubini alimpenda wifi yake. Alisukwa bure kila mwisho wa mwezi, wakacheka mpaka machozi kuhusu wateja wanaotaka nywele za kufika kiunoni na kichwani wana vipele tu. Lakini usiku ule, kabla hajalala, mambo madogomadogo yakaanza kujipanga yenyewe. Kikombe cha mama kina mfuniko, vya wengine havina. Kikombe cha mama hakibebwi na mtu mwingine. Siku moja alinyoosha mkono akipeleke yeye, Msusi akakivuta, akasema, "Acha, ni wa moto huu, utaungua." Na uji wenyewe haukuwa wa moto kiasi hicho.

Mbona akivute?

Asubuhi mama alikunywa nusu, nusu akaibakiza. Alipoona Msusi ametoka, akamwonyesha binti yake kikombe kwa kidevu. Darubini akatoa kikopo kutoka kwenye mkoba, kile cha plastiki chenye kifuniko chekundu, kipya kabisa, akamimina.

"Hiki si ndicho kile nilichokuletea choo?" mama akauliza.

"Si hikihiki, mama. Ni cha aina hiyo."

"Nitafika mbinguni na mengi ya kueleza."

Mkuu wa maabara alikuwa mzee mmoja mwembamba ambaye wanafunzi walimwita Pima-Tena, kwa sababu hata ukimwambia leo ni Alhamisi atakwambia pima tena. Alikiinua kile kikopo kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza.

"Huyu amekula nini mpaka choo kiwe cheupe hivi?"

"Ni uji, mkuu."

"Uji umeugua?"

Darubini akamweleza kwa kifupi, majina hakutaja, akasema ni jirani. Pima-Tena akajua si jirani, akavuta hadubini karibu. Waliweka tone kwenye kioo wakaangalia: wanga mtupu, viduara vimesongamana kama kokoto. Hakuna cha ajabu. Kisha wakachuja uliobaki kwa kitambaa, wakauosha kwa maji, na juu ya kitambaa zikabaki punje. Nyeupe, zimeviringana vizuri, ndogo kuliko kichwa cha pini. Pima-Tena akaibana moja kati ya kucha mbili. Haikuvunjika mara moja. Ilipovunjika, ndani ilikuwa unga mwingine.

"Hii imevikwa koti," akasema. "Hakuna mtu anayeivalisha koti punje ya unga wa uji. Hii imetoka kiwandani."

"Ni sumu?"

"Mimi napima choo na damu, sijui habari za sumu. Ila kitu kimetiwa humu. Hilo hata kwa macho yangu haya mabovu naliona."

Darubini alirudi nyumbani. Jioni Msusi alimpakulia chakula kama kawaida, akamuuliza mbona huli, akajibu ameshiba. Usiku alilala na njaa, akajichukia kwa hilo, lakini hakuinuka.

Jumamosi hakuwa na kazi. Dirisha la jikoni linaangalia uani kwenye karai la kufulia, na Darubini alijitia kufua mapema mno, jambo ambalo kwa wanaomfahamu lingetosha kuitisha kikao kingine. Alisugua kola ya blauzi moja mpaka ikakaribia kutoboka. Humo ndani Msusi alikoroga uji, akaupoza kwa kuuhamisha kutoka kikombe hadi kikombe. Kisha akageuka kutazama mlango. Akautazama tena. Akaingiza vidole kwenye mkunjo wa kilemba chake, akatoa kidonge cha rangi mbili, nusu zambarau, nusu nyeupe. Akakizungusha kikafunguka kama kalamu na kifuniko chake, akamwaga kilichokuwa ndani, akakoroga. Maganda mawili matupu akayafukia katikati ya maganda ya viazi.

Darubini aliingia na mapovu hadi viwikoni.

"Wifi. Nini hicho?"

Kijiko kililia sakafuni.

"Chumvi."

"Chumvi siku hizi inakaa kwenye kilemba?"

Msusi alimtazama, akatazama kikombe, akaona hakuna pa kupitia. Akasema kwa sauti ndogo, "Funga mlango."

"Siufungi."

"Basi usiufunge, ila usipige kelele. Ni dawa ya mama."

"Mama hanywi dawa yoyote."

"Ndiyo maana."

Akaeleza huku akiokota kijiko. Mwanzoni kabisa, kabla ya vipimo vyovyote, daktari wa zahanati alimpa mama vidonge vya tumbo. Mama akawaambia wote anakunywa, na baadaye akasema vimekwisha. Siku moja Msusi anafagia chini ya cherehani, anavuta droo ya bobini, vile vigurudumu vya uzi, ili afute vumbi, anavikuta vyote, havijaguswa hata kimoja, vimefunikwa na vipande vya kitambaa.

"Mama hawezi kumeza," akasema. "Hata tembe ya kichwa anaifichia shavuni. Hujawahi kumwona?"

Darubini hakuwahi. Miaka yote hiyo ya kukaa na mama yake.

"Si ungemuuliza?"

"Nimuulize nini? Mama, nimepekua droo yako? Mimi niliyeletwa juzi?" Msusi akacheka bila furaha. "Mteja wangu mmoja mtoto wake anafunguliwa kidonge kwenye uji. Nikajaribu. Wiki ile mama akalala bila kugumia. Vilipokwisha nikatafuta vingine."

"Na mimi kwa nini hukuniambia?"

"Wewe? Wewe ukimeza mate mama anajua."

Hilo lilikuwa kweli, na ndiyo maana liliuma. Darubini akanyoosha mkono, akaomba pakiti. Msusi akaitoa chini ya kopo la majani ya chai. Jina lililoandikwa nyuma Darubini alilijua. Alikuwa amelikariri kwa ajili ya mtihani, dawa ya kukata asidi. Akafungua kidonge kimoja kwenye kiganja. Punje zilezile zenye koti.

Akasimama pale na kiganja wazi, na kitu kikageuka kichwani mwake kama ufunguo.

Maana yule mdudu wa tumboni, anayeitwa pailori, si mdudu wa kawaida. Tumbo la mtu lina asidi ya kuyeyusha nyama, bakteria karibu wote wakifika humo wanakufa, na huyu anahamia na mizigo yake. Amejikunja kama uzi wa skrubu, ana mikia ya kumsukuma, anajitoboza kwenye ute unaofunika ukuta wa tumbo, na anajitengenezea wingu dogo la kuizima asidi iliyo karibu naye, kama mtu anayetembea mvuani na paa lake mwenyewe. Humo anaishi miaka. Anakwaruza, ukuta unachubuka, mwenye tumbo anasema nina vidonda. Lakini ukianza kuikata asidi kwa vidonge, mambo yanageuka. Anapungua, anajibana pembeni, na kipimo cha choo kinaweza kupita kikasema hamna mtu humu. Hafi. Amenyamaza tu. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa aache dawa hizo wiki mbili kabla ya kupimwa. Na ndiyo maana pale dirishani pa maabara walimuuliza mama, unatumia dawa yoyote? Na mama, pengine kwa mara ya kwanza katika suala la dawa, akajibu bila kudanganya: situmii.

"Wifi," Darubini akasema, "umemficha mdudu."

"Mimi?" Msusi akashika kifua. "Sasa hiyo ni kesi ya pili?"

"Kipimo kimemkosa kwa sababu ya hivi vidonge. Kesho nitasema kwenye kikao."

"Utasema nini?"

"Ukweli."

"Ukisema nilikuwa natia kitu kwenye uji wa mama kwa siri, neno linalofuata atalisikia nani? Shangazi? Shangazi atakuwa ameshanifungia mizigo."

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Darubini hakulisema, kwa sababu lilimtia aibu hata yeye mwenyewe. Kidonge kinachofunguka kirahisi vile, mtu anaweza kukimwaga akakijaza kingine. Ameona leo. Jana hakuona. Chuoni walifundishwa kuamini kipimo, si sura ya mtu, na sura ya wifi yake asubuhi ile ilikuwa nzuri mno, ina huzuni mno.

"Acha kutia," akasema mwisho. "Kuanzia leo. Na chakula cha mama napika mimi."

Jumapili walikaa sebuleni. Mama kwenye kiti cha cherehani, shangazi kwenye kiti chake, Fundi kwenye mkeka akitazama makovu ya cheche mikononi mwake. Msusi hakuitwa. Alikuwa koridoni na kila mtu alijua yuko koridoni. Shangazi alizungumza sana kwa mtu asiyesema kitu.

Darubini akasema kipimo kinaweza kukosea, wapime tena baada ya wiki mbili, na kwa muda huo yeye ndiye apike.

"Hilo la kupika limenifurahisha," shangazi akasema. "Mkono wa yule utoke kwenye sufuria. Na mdudu asipoonekana?"

Wote wakamwangalia Fundi. Akasugua kovu moja kwa kidole gumba.

"Asipoonekana," akasema, "nitamrudisha kwao mwenyewe."

Koridoni kulisikika ndala zikiondoka polepole.

Basi Darubini akaanza kupika. Aliamka gizagiza, akachekecha, akakoroga, na ule uji ulikuwa laini kama maziwa, hauna punje utakayoiona hata kwa hadubini. Mama akasifu. Siku ya kwanza akasifu, ya pili akasifu kidogo, na baada ya hapo akaacha kusifu akaanza kujishika.

Dawa ya kukata asidi ikitoka, asidi inarudi, na wakati mwingine inarudi na hasira. Darubini alilijua hilo kwenye karatasi. Hakuwahi kulisikia likigumia kwenye chumba cha pili. Mama alikuwa anashona mshono mmoja, anasimama, anabonyeza ngumi chini ya mbavu. Anacheua. Anaweka mto, anatoa mto. Na kila alipoinua macho, macho yalimwangukia binti yake.

"Uji umetia nini leo?"

"Unga na maji, mama."

"Na sukari?"

"Na sukari."

"Sukari gani?"

Siku iliyofuata mama akamwambia anawe tena mikono mbele yake, maana ni mikono inayoshika choo cha watu kutwa nzima. Akanawa. Akaambiwa anawe tena. Na shangazi alipokuja, mama alimsogezea kikombe, akamwambia hebu kunywa kwanza, wifi yangu, nikuone. Shangazi akasema ameshiba. Tangu jana ameshiba.

Darubini alipokwenda kuosha vyombo, alimsikia nyuma yake, sauti ya kunong'ona inayosikika vizuri kuliko ya kusema.

"Mimi sisemi kitu. Ila wasichana wale ni marafiki, na huko chuoni wanafundishwa mengi."

Alisimama na sufuria mkononi. Yeye, mtoto wa kuzaliwa humu. Akakumbuka chakula alichokikataa akasema ameshiba, na sura ya Msusi alipokuwa anakirudisha jikoni.

Zilikuwa zimebaki siku chache kufika kipimo mama aliposhindwa kabisa. Ilikuwa mchana, Fundi amekuja kula, shangazi yupo bila shaka. Mama aliweka mkasi chini, akaita kwa sauti ambayo nyumba haikuwa imeisikia kwa muda mrefu.

"Msusi. Mwanangu, njoo."

Msusi akatokea, kitana bado kimechomekwa kwenye nywele.

"Abee, mama."

"Nikorogee uji. Kama ule wako."

Shangazi alikaribia kuteleza kitini. "Wifi yangu, una akili zako?"

"Ninazo. Huyu wa kwangu tangu ashike sufuria nawaka moto. Uji wa Msusi ulikuwa unanizima. Nilikuwa sijui kama unanizima mpaka ulipokoma."

"Mama," Msusi akasema, mikono imekamatana tumboni, "uji wangu ni unga na maji kama wa Darubini."

"Si kweli. Una kitu. Nakuuliza mbele ya mumeo, ulikuwa unatia nini?"

Swali lenyewe ndilo lile walilokuwa wanaliogopa, ila sasa lilikuja limegeuka ndani nje, linaomba badala ya kushtaki. Msusi alimtazama Darubini. Darubini akajua kama hasemi sasa hatasema tena.

"Dawa yako, mama," akasema. "Ile ya droo ya bobini."

Akaeleza yote, kwa haraka, bila kupumua, kidonge na kilemba na maganda ya viazi, na jinsi dawa ilivyomficha mdudu, na Msusi akaitikia kwa kichwa. Mama alivuta ile droo, akafunua vipande vya kitambaa, akatazama chini ambako hakukuwa na kitu.

"Nilidhani panya," akasema.

"Amekiri," shangazi akasema. "Mmesikia wote, amekiri, alikuwa anatia."

Fundi alikuwa amesimama. "Ulimtilia mama yangu kitu bila kumwambia. Na mimi pia hukuniambia."

"Ningekwambia ungefanya nini?" Msusi akamuuliza. "Ulishasema utanirudisha. Nilikuwa koridoni."

Fundi akarudi kuketi.

"Nyamazeni," mama akasema. "Mnanipigia kelele kwenye kidonda. Huyu anasema alinitibu. Yule anasema mdudu yupo, alifichwa. Kama yupo, ataonekana. Kama hayupo, basi hata hivyo vidonge sijui vilikuwa vya nini, na mwanangu alishatoa neno." Akamtazama Msusi moja kwa moja. "Uji usinikorogee. Nitasubiri na moto wangu."

Na akasubiri, siku zile zote zilizobaki, bila kitu, ameuma kitambaa.

Siku ya kipimo Darubini hakumwachia mtu kile kikopo. Akachanganya mwenyewe, akadondosha matone kwenye kile kibao cha kupimia, kile kinachotoka mstari mmoja ukiwa hunaye na miwili ukiwa naye. Mstari wa kwanza ukaja upesi, huo huja kwa kila mtu. Pembeni yake pakabaki peupe.

Peupe. Akaangalia saa ya ukutani, akaangalia kibao. Peupe. Akawaza vidonge ambavyo hakuviona, asubuhi zote ambazo hakuwa uani na karai lake. Akawaza wifi yake akishuka na begi, na yeye akiwa ndiye aliyeleta majibu, mara ya pili. Na bado akawaza, je, kama shangazi yuko sahihi?

Kisha kitu kikajichora, hafifu, rangi ya waridi lililopauka. Pima-Tena akainama juu ya bega lake.

"Pima tena," Darubini akasema kabla yake.

Cha pili kilichora mstari mnene usiohitaji miwani.

Alimpigia simu Fundi akiwa anashuka ngazi, pumzi zinamkata.

"Kaka, mistari miwili."

Upande wa pili cherehe cha kukatia chuma kikazimwa. "Msusi ana mimba?"

"Mama."

"Mama ana mimba?"

"Ana mdudu, kaka. Yupo. Mistari miwili, mdudu yupo."

Alisikia chuma kikianguka, na mtu mzima akivuta kamasi.

Shangazi alipoambiwa alitaka kujua huyo mdudu aliingiaje kama hakuna aliyemtia. Darubini akamwambia mara nyingi huingia utotoni, mdomo kwa mdomo, maji yasiyo safi, mtu anatafuna chakula akampa mtoto, na hukaa kimya miaka mingi kabla hajajulikana. Shangazi akauliza mama alitafuniwa na nani. Mama akamwambia waliomtafunia wote wamekufa, aende akawashitaki hukohuko.

Vidonge vya matibabu vilijaa mfuko. Vya kukata asidi, na aina mbili za kumuua mdudu mwenyewe, asubuhi na jioni, wiki mbili bila kuruka. Mfamasia alisema hivi viwili vinafunguliwa, hiki hakifunguliwi, kimezwe kizima. Mama akakitazama kile cha kumezwa kizima kama anavyomtazama mteja anayetaka nguo kesho.

"Sasa mambo yametulia," shangazi akasema mlangoni, akivaa viatu, "huyu naye aende kwao apumzike hata mwezi. Heshima ya nyumba. Alificha jambo."

"Aende wapi?" mama akasema. "Nani atanimezesha?"

Lakini Msusi, aliyekuwa amesimama na bilauri ya maji, hakusogea.

"Mama, nitakufungulia. Ila kwanza uniulize."

"Nikuulize nini?"

"Kila kimoja. Uniulize ni nini, nikujibu, ndiyo nifungue. Sitatia tena kitu ambacho hujakiuliza. Na mtu asije akaniuliza badala yako." Akamtazama mumewe aliposema hivyo, na Fundi akaangalia mikono yake.

Uso wa mama haukuonyesha radhi wala hasira. Akavuta kiti mpaka mezani, akavaa miwani, akashika kidonge cha kwanza juu ya mwanga kama noti anayoitilia shaka.

"Hiki nini?"

"Cha kukata asidi."

"Kinafunguka?"

"Kinafunguka."

"Fungua hapa nione." Akaona. "Na hiki?"

"Cha kuua mdudu."

"Na hiki kirefu?"

"Na hicho cha kuua mdudu. Hicho ndicho unameza."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika, mama."

Mama akamtazama usoni, kwa kirefu, jicho moja limefinywa kidogo, kisha akafungua mdomo.